Tata Wangui na Kiti cha Pembeni

Mlango ulikuwa umefunguka nusu, na katika nusu hiyo alisimama Tata Wangui. Hapo ndipo tulipomwacha Jackton wiki jana, kamera mkononi, jasho mgongoni. Mlioniandikia mkiuliza kama alizimia, jibu ni hapana. Alitamani sana, lakini studio yake ni ndogo na hakuna mahali pa kuangukia.

"Nimepanda ngazi themanini na nne," Tata Wangui akasema. "Sikuja kusimama mlangoni."

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa kinyozi, nikupashe habari haraka. Jackton ni mpiga picha, studio yake iko ghorofa ya nne katikati ya jiji, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa yeye akiwa bado shule ya msingi. Anampenda Wangeci, msusi wa Kenyatta Market, na Wangeci naye anampenda. Keshokutwa Jumamosi wazee wa Jackton wanatoka Siaya kwenda Kinoo kwa ruracio, yale mazungumzo ya mahari ambayo bila hayo hakuna harusi.

Na mwenye nyumba hiyo ya Kinoo ni Tata Wangui, shangazi aliyemlea Wangeci tangu mama yake afariki. Yeye akisema ndiyo, wazee wanakaribishwa. Akisema la, hata chai haitengenezwi.

Tangu jana alikuwa amesema la, kwa sababu ya picha.

Jambo moja lilimsaidia Jackton. Tata Wangui hupanda ngazi kwa mapumziko. Kila ghorofa anasimama, anashika ukuta, anamlaumu mwenye jengo kwa sauti, kisha anaendelea. Wangeci, aliyekuwa amekuja kumwonya mpenzi wake, alimsikia tangu ghorofa ya kwanza, na hadi shangazi afike juu, alikuwa amejificha nyuma ya kile kitambaa cha buluu ambacho mbele yake watu hupigiwa picha za pasipoti.

"Karibu, Tata," Jackton akasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa kwaya.

Tata Wangui akaingia. Kwapani alibana fremu kubwa iliyofungwa kwa leso. Nyuma yake akafuata mwanamume mwembamba mwenye tepu ya kupimia shingoni na daftari mkononi.

"Huyu ni fundi Masila. Amenishonea nguo miaka kumi na sita. Leo ni shahidi."

"Shahidi wa nini, Tata?"

"Wa kiuno changu."

Leso ikafunguliwa. Fremu ikasimamishwa juu ya meza, na Jackton akajikuta ana kwa ana na kazi ya mikono yake mwenyewe.

Ni ile picha ya siku ya kwanza familia hizi mbili kukutana, wiki tatu zilizopita. Watu kumi na mmoja sebuleni mwa Kinoo. Katikati wamesimama Jackton na Wangeci, wamenyooka, wanapendeza. Nyuma yao kabati la vyombo, limenyooka pia, kila glasi mahali pake. Lakini kwenye kiti kikubwa cha kushoto, mwisho kabisa wa picha, ameketi mama mmoja mpana ajabu. Bega lake la pembeni linaelekea nje ya fremu kana kwamba linataka kwenda dukani. Shavu la upande huo limemtangulia.

"Masila," Tata Wangui akaamuru. "Soma daftari."

Masila akalowesha kidole, akafunua. "Kifua, inchi arobaini. Kiuno, thelathini na sita. Hips, arobaini na nne. Nimepima mwenyewe juzi, nguo ya Jumamosi."

"Sasa pima picha."

Fundi akavua tepu shingoni, akainama juu ya kioo cha fremu akiwa makini kama daktari. "Wangeci, bega kwa bega, inchi mbili na nusu. Huyu mama wa pembeni, inchi sita." Akafikiri. "Ile nguo nimeshona haiwezi kumtosha huyu. Huyu ni wa kushonewa na kitambaa ya pazia."

"Nilikuambia useme vipimo, Masila. Sikukuuliza maoni."

"Pole, Mama."

Tata Wangui akamgeukia Jackton. "Jana nilikuwa na akina mama wa kanisa kumi na wawili kwangu. Nikasema, wacha niwaonyeshe zawadi ya mkwe wangu. Nikafunua. Unajua Everlyn, yule wa kuongoza nyimbo, alisema nini? Alisema, 'Wangui, na sofa iko wapi?' Sofa, Jackton! Na nimeikalia!"

Nyuma ya kitambaa cha buluu kitu kikatoa sauti. Mimi nasema kilikuwa kicheko. Wangeci mpaka leo anasema alikuwa anapiga chafya.

"Wangeci, toka huko nyuma," Tata akasema bila kugeuka. "Hivyo viatu ni mimi nilikununulia."

Wangeci akatoka, uso chini. "Sasa, Tata," akamsalimia kivijana.

"Usiniambie sasa. Kaa." Kisha kwa Jackton: "Swali ni moja. Huyu mwanamke ni nani? Kama ni mimi, umenitukana nyumbani kwangu. Kama si mimi, basi ulileta nani akae kwa kiti yangu? Usiponijibu nikatosheka, pigia wazee wako simu waambie wasipande basi."

Wazee wale, wasomaji wangu, walikuwa wameshapiga nguo pasi.

Jackton akavuta pumzi. "Tata, ni wewe. Lakini si wewe. Ni lenzi."

"Lenzi imekula nini?"

"Haijakula. Imevuta." Akachukua kamera, akaonyesha kioo chake cha mbele kilichobenuka. "Sebule yako watu walikuwa wengi. Nilirudi nyuma mpaka nikagonga mlango, na bado hamkuenea. Nikaweka hii lenzi pana. Hii inameza chumba kizima hata ukiwa karibu. Lakini mtu akikaa pembeni kabisa, inamvuta kuelekea nje."

"Jackton," Tata akasema polepole. "Nilinunua redio mbovu hapa mjini mwaka wa tisini na tano. Yule kijana aliniuzia alikuwa anaongea hivyo hivyo."

"Wacha nikuonyeshe, Tata. Dakika tano. Nikishindwa, nampigia mjomba simu ukisikia."

Wangeci akamtazama kwa macho ya kumwambia asiweke ahadi za aina hiyo. Alikuwa amechelewa.

Viti vitatu vya plastiki vikapangwa mstari mmoja. Jackton akamwomba Tata Wangui akae cha katikati. Masila akakalishwa cha pembeni, daftari mapajani. Kiti cha tatu Wangeci alikitazama mara moja tu. "Mimi nitashika taa," akasema, maana kupendana na mpiga picha kunafundisha.

Kamera ikawekwa karibu, hatua mbili hivi. Ikalia. Jackton akachomeka waya, na picha ikajitandaza kwenye kompyuta.

Katikati ameketi Tata Wangui, mama wa heshima, inchi zake zote mahali zilipoandikwa kwenye daftari.

Pembeni palikuwa na Masila. Masila yule mwembamba ambaye upepo wa Kenyatta Market humsumbua, sasa ana bega kama la mbeba magunia. Kichwa chake kimelala kando, kipana na kirefu kama papai. Sikio la nje limekwenda zake.

Masila akainuka kitini.

"Futa hiyo picha," Masila akasema.

"Fundi, ni mfano tu."

"Futa! Mimi niko na watoto!"

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu jana, Tata Wangui akacheka. Alicheka akishika meza. Alimwomba Jackton akuze picha, akacheka tena, akauliza kama lile sikio linaweza kuchapishwa peke yake. Jackton naye akaanza kucheka kwa woga, Wangeci akamfuata, na kwa nusu dakika nzima ruracio ilikuwa imefufuka.

Ndipo Masila akaharibu mambo. Fundi ni mtu wa kutaka kuelewa kitu.

"Kwani kwa nini inavuta?" akauliza akijipapasa sikio. "Ni ubovu wa kioo?"

"Si ubovu. Ni kuchagua," Jackton akaeleza, na sauti yake sasa ilikuwa na raha ya mwalimu. "Kuna lenzi zingine za kuchukua pana zaidi, lakini zinapinda kila kitu. Ukuta unakuwa kama tumbo la sufuria. Hii yangu imetengenezwa ikatae kupinda. Ukuta ukiwa umenyooka, unabaki umenyooka. Sasa ili kila mstari ubaki sawa, lazima kitu cha pembeni kivutwe ndio kifike."

Macho ya Masila yakang'aa. "Ni kama kitambaa kifupi kwa meza kubwa! Unakishikilia katikati, halafu unavuta pindo mpaka zifike ukingoni. Mistari inabaki sawa, lakini maua ya pembeni yanakuwa mapana."

"Hapo hapo, fundi! Maua ya pembeni!"

Wakapeana mkono. Wanaume wawili wamefurahia elimu, hawaoni kwamba Tata Wangui ameacha kucheka.

"Rudia hapo kidogo," akasema. "Mtu wa pembeni anavutwa?"

"Ndiyo, Tata."

"Kila mtu?"

"Hata askofu."

"Na wa katikati?"

"Anabaki vile alivyo."

"Na ulikuwa unajua hii yote siku hiyo? Si umejua leo?"

Wangeci akamkanyaga mpenzi wake mguu. Lakini Jackton ni mtu mkweli, na ukweli wake umemtia matatani tangu sehemu ya pili ya hadithi hii. "Nilijifunza mwaka wa kwanza wa kazi, Tata."

"Mm. Na katikati alikaa nani?"

Jackton akaitazama fremu. Katikati palikuwa na kijana mmoja amevaa suti ya kijivu, shingo imenyooka, tabasamu tele.

"Mimi," akasema.

"Wewe. Uliweka kamera ijipige, ukakimbia, ukaenda ukasimama pale hapavuti."

"Tata, pembeni ndio palikuwa na vile viti vikubwa! Mimi nilisema wazee wakae kwa viti vizuri. Wewe upande huu, mama yangu upande ule. Ilikuwa heshima!"

"Na kabati?"

"Kabati gani?"

"Kabati yangu ya vyombo. Naona imenyooka vizuri sana. Kwa hivyo hapo mbele yako kulikuwa na mimi, na kulikuwa na kabati, na lenzi yako ilikuwa inaweza kunyoosha mmoja. Na ukaokoa kabati."

Wasomaji wangu, hapo nilimhurumia. Angekuja na uongo mdogo, angekuwa salama. Alitoa maelezo, na maelezo ndiyo yakamfunga.

Tata Wangui akaanza kufunga fremu kwa leso, fundo moja, fundo la pili. "Piga simu kwa mjomba wako."

"Inarekebishika!" Jackton akapiga kelele. "Tata, tafadhali! Naweza kuirudisha hapa kwa kompyuta!"

Fundo la tatu likasita. "Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Jackton akakaa mbele ya kompyuta. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi huku akiomba, lakini midomo yake ilikuwa inatembea. Akaifungua picha ya Kinoo, akashika kitufe kimoja kwenye skrini, akakisukuma taratibu.

Bega la Tata likaanza kurudi nyumbani. Shavu likaingia mahali pake. Mkono ukakumbuka urefu wake. Na nyuma yao, kadiri watu walivyonyooka, kabati la vyombo likaanza kubinuka, glasi zikainama, na ukuta wa sebule ukatoa tumbo.

"Kabati inapinda," Masila akaonya.

"Wacha ipinde," Tata akasema. "Kabati haiolewi."

Jackton akaacha kitufe. Tata Wangui akavaa miwani, akaisogelea skrini mpaka pumzi yake ikatia ukungu.

"Huyu sasa namjua," akasema.

Masila akaweka tepu juu ya skrini, akahesabu, akafunga daftari. "Nguo inamtosha."

Wangeci alikuwa ameshamshika Jackton mkono chini ya meza. Tata akaona, akajifanya hajaona, na kwa mtu kama yeye hiyo ni baraka kamili. "Jumamosi saa nne," akasema. "Waambie wazee wasichelewe, na hiyo picha mpya nataka..."

"Nani amenipunguza?"

Sauti ilitoka mlangoni. Wote wakageuka.

Alikuwa Mama Rael, mamake Jackton, ametoka Kangemi na chupa ya maji mkononi. Hakuna aliyemsikia kupanda, maana siku hizi Mama Rael ni mwepesi kama karatasi. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, kwenye kiti kikubwa cha kulia.

"Mama," Jackton akasema. "Karibu. Tulikuwa tunarekebisha kidogo..."

"Nauliza nani amenipunguza."

Hapo ndipo Jackton alipokumbuka kwamba picha ina pembe mbili. Kitufe kile hakichagui shangazi kikamwacha mama. Kilivyomrudisha Tata Wangui upande wa kushoto, ndivyo kilivyomrudisha Mama Rael upande wa kulia, na yule mama mnene mwenye afya aliyekuwa kwenye kile kiti alikuwa ametoweka. Mahali pake palikuwa na mama mwembamba, kola ya gauni imesimama mbali na shingo.

"Rudisha," Mama Rael akasema.

"Mama, ile ingine haikuwa sawa. Lenzi ilikuwa imekuvuta."

"Rudisha vile nilikuwa."

"Mama Jackton," Tata Wangui akaingilia, si kwa ukali. "Mimi pia nilikuwa nimevutwa. Watu walinicheka. Hii ndio ya ukweli."

"Ya ukweli naiona kila asubuhi kwa kioo."

Akaketi kwenye kiti cha plastiki, kile cha pembeni. Akafungua chupa, akaifunga bila kunywa.

"Mwaka jana nililala hospitali wiki saba," akasema. "Kutoka, nguo zangu zote zilikuwa za mtu mwingine. Nikienda kanisani watu wananisalimia wakiangalia chini. Mtu akiniuliza habari, sauti yake inakuwa ya matanga. Sasa nikatuma hii picha nyumbani. Dada yangu Awuor akapiga simu analia, anasema, 'Rael, umerudi!' Wiki tatu sasa watu wananipigia simu wakicheka nami. Mnataka nimwambie Awuor ilikuwa ni lenzi?"

Mimi ni mtu wa kucheka, na mmenizoea hivyo. Hapo sikucheka. Wangeci alikuwa anajifuta macho kwa kile kitambaa cha buluu, na Masila alikuwa anasoma daftari lake lililofungwa.

Jackton alimwangalia mama yake. Alikuwa amempiga picha mara mia tangu atoke hospitalini, na hakuwahi kumuuliza alikuwa anaona nini akiziangalia.

Tata Wangui akavuta kiti, akakaa mbele ya mkwe mwenziwe, magoti yakikaribiana. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mtu anaanzaje kuwaambia wakwe kitu kama hicho?"

"Anaanza vile umeanza."

Wakatazamana. Mmoja anataka apungue, mwingine anataka aongezeke, na picha ni moja. Jackton akafungua mdomo kutoa maelezo ya kitaalamu. Wangeci akamfunga mdomo kwa kiganja, na kwa maoni yangu siku hiyo ndipo walipofunga ndoa.

Tata Wangui akasimama. Akaanza kutembea studio nzima, hatua tatu kwenda, tatu kurudi, mikono nyuma.

"Hii picha imekufa," akakata kauli. "Zote mbili. Jumamosi, kabla watu hawajaanza mazungumzo, tunapiga ingine. Lenzi ni hiyo hiyo. Mimi nakaa katikati."

"Sawa, Tata," Jackton akasema.

"Mama Jackton anakaa pembeni, kwa kile kiti kikubwa, na avutwe mpaka atosheke. Atume nyumbani. Awuor alie tena."

Mama Rael akainua kichwa. Kona ya mdomo wake ikacheza.

"Na ile pembe ingine..." Tata Wangui akaangalia dari, akaangalia Masila, Masila akafunika sikio. Kisha kidole chake kikashuka, kikatua kwenye kifua cha mpiga picha.

"Mimi?" Jackton akauliza.

"Wewe. Mwisho kabisa. Masila ndiye atabonyeza, ndio usikimbie."

"Na mimi, Tata?" Wangeci akauliza.

"Wewe kaa kando yangu, umwangalie vizuri akiwa hivyo. Ukiona bado unampenda, tuanze kuongea mahari."

Vicheko vikajaa studio. Mama Rael alicheka mpaka akakohoa, Tata akampiga mgongoni, na wakaanza kuitana kwa majina. Jackton akatamani kuwapiga picha, akaitazama lenzi iliyokuwa kwenye kamera, akaiweka chini.

"Lakini," Tata Wangui akasema, na kicheko kikamtoka usoni. "Hii ya zamani, sitaki kuiona tena mahali popote. Si kwa fremu, si kwa simu, si kwa ukuta. Everlyn amenicheka mara moja, hatanicheka mara ya pili. Siku nitaiona tena, hakuna Jumamosi, na sitabembelezwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Tata," wapenzi wakajibu pamoja.

"Mama Jackton?"

Mama Rael alikuwa amefungua chupa yake. Alikuwa anakunywa maji. Alikunywa kwa muda mrefu sana, kwa mtu ambaye hakuwa ameonyesha kiu.

"Mmm," akasema ndani ya chupa.

Wakaagana kwa kukumbatiana. Tata Wangui akatangulia, Wangeci akambebea fremu, Masila akafuata nyuma akiapa kwamba ile picha ya papai ikionekana mjini atajua pa kuanzia. Mlango ukafungwa. Jackton akaegemea ukuta, akafumba macho, akasikia sauti zao zikishuka kuelekea ghorofa ya tatu. Alikuwa na furaha. Nawaambia wazi, kwa muda wa dakika moja alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katikati ya jiji.

"Jackton," mama yake akaita.

"Eeh, Mama."

"Kuna kitu kidogo."

Akafumbua jicho moja. "Kidogo namna gani?"

"Mita nne kwa mbili."

Akafumbua la pili.

"Ni bango," Mama Rael akasema, akiikunja kona ya gauni lake. "Nilipeleka ile picha kwa wale wachapishaji wa hapo chini, Jumatatu. Nilikuwa nafikiria Jumamosi, wakwe wakitoka nje, wakute tumependeza. Nikaandikisha hapo juu, KARIBUNI WAKWE WETU. Ilitoka vizuri sana. Mimi na Tata Wangui tumejaa pande zote mbili."

"Mama. Iko wapi?"

"Si mjomba wako Oyoo yuko na pickup. Amepita kuichukua leo asubuhi."

"Ameipeleka wapi?"

Mama Rael akairudia chupa. Ilikuwa tupu.

Jackton alikuwa ameshashika simu. Ikaita mara moja, mara mbili.

"Jackton!" Mjomba Oyoo akanguruma kwa furaha, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu. "Umenipata nikimalizia! Niko hapa Kinoo, nimeifunga kwa gate na waya, haiwezi anguka! Inaonekana mpaka ng'ambo ya barabara!"

"Mjomba, ishushe! Ishushe saa hii!"

"Nishushe na watu wanaipenda? Kuna foleni hapa, wanapiga selfi. Kuna mama mmoja wa kanisa, anaitwa Everlyn, amecheka mpaka ameketi chini. Mama mzuri sana. Anasema lazima apigie mwenye nyumba simu ampe pongezi."

"Mjomba, mzuie! Asipige!"

"Ai, simu iko kwa sikio tayari."

Jackton akashusha mkono. Mama Rael aliacha hata kupumua.

Kutoka chini, karibu na ghorofa ya pili, simu ikaanza kuita. Ilikuwa na mlio wa pambio la kanisa, na katika jengo hilo zima ni mtu mmoja tu aliyekuwa na mlio huo. Pambio likakatika. Hatua za ngazi zikasimama.

Walisikiliza. Hawakusikia neno.

Kisha hatua zikaanza tena, na zilikuwa zinapanda. Jackton akazihesabu akingoja zifike ghorofa ya tatu, mahali ambapo Tata Wangui hushika ukuta na kumlaumu mwenye jengo.

Safari hii hazikupumzika.